Mwongozo kamili: kutembea Kigoma wikiendi ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na kurudi kabla ya kipindi cha Jumatatu

Kila mwaka shule za Kigoma hupokea walimu wanafunzi waliotoka mbali. Wapo Watanzania waliopangwa kanda ambayo hawajawahi kuikanyaga, wapo Wakenya na Warundi, na wachache hutoka Ulaya. Kosa lao huwa lile lile. Jumamosi mchana wanapanda boti ya abiria kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaona sokwemtu. Jumapili wanaambiwa ufukweni kwamba siku hiyo boti hazitembei. Jumatatu Kidato cha Pili wamekaa darasani na mwalimu wao bado yuko Kasekela, kituo cha kushukia Gombe.

Niliwahi kuwa na kundi la aina hiyo. Nilikuwa mwenyeji wao, nao waliniamini. Nilimuuliza mtu mmoja tu kuhusu boti, akanijibu "Jumapili zipo", nikaridhika. Hakuwa na nia mbaya, ila hakuwahi kurudi kutoka kule siku ya Jumapili. Tulifika mjini Jumatatu mchana, na mmoja wa wale vijana alikuta msimamizi kutoka chuoni kwao amekuja kumtathmini na kuondoka. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule kijana.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

Nakala za vitambulisho. Kigoma ni mkoa wa mpakani, ukaguzi njiani ni wa kawaida. Mgeni atembee na nakala ya pasipoti na ya kibali chake cha ukaazi, na picha yake kwenye simu. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa. Kwenye lango la hifadhi utahitaji hati yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua unalipa kiwango gani.

Fedha za aina mbili. Beba noti ndogo ndogo za daladala, bodaboda na chakula, na uwe na salio kwenye simu au kadi ya benki. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu. Watu wamefika getini na bahasha nono wakakwama.

Mfuko mzito wa nailoni unaofungika. Boti ya mbao hurusha maji. Simu, hati na sweta vikae humo.

Sweta au kikoi. Ukiwa mjini unatoka jasho, ila ziwani asubuhi upepo unapenya mifupa.

Viatu vilivyofungwa vyenye meno. Milima ya Gombe ni mikali na majani makavu huteleza kama mvua imenyesha. Kandambili ziache nyumbani.

Jaketi okozi. Kama boti haina ya kukutosha, hupandi. Nitalirudia jambo hili.

Chakula na maji ya siku nzima, tochi, pauabenki, dawa ya mbu, barakoa, vidonge vya kichefuchefu. Kidonge kinywe nusu saa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika hakikusaidii.

Daftari la maandalio. Usiende nalo safarini. Liache mezani nyumbani, maandalio ya Jumatatu yakiwa yameanza kuandikwa.

## Hatua ya 1: Panga safari kuanzia kurudi

Wengi huanza kwa kuuliza, "Tunaondoka saa ngapi?" Anza kwa kuuliza Jumatatu unatakiwa kuwa wapi na saa ngapi, kisha rudi nyuma saa kwa saa. Chukua karatasi uandike kutoka chini kwenda juu. Hii ni ya safari ya Gombe kwa boti ya kukodi:

- Jumatatu saa 1:00 asubuhi: niko shuleni
- Jumapili mchana: maandalio, kufua, kupumzika
- Jumamosi saa 11:30 jioni: tumeshuka Kibirizi (kijiji cha boti, kaskazini mwa mji)
- Jumamosi saa 9:30 alasiri: boti imeondoka Kasekela
- Jumamosi saa 3:30 asubuhi: tumefika Kasekela
- Jumamosi saa 1:30 asubuhi: boti imeondoka Kibirizi
- Ijumaa jioni: chakula kimenunuliwa, malipo yamekamilika

Jumapili iko wazi, na hiyo ndiyo nafasi yako ya dharura. Injini ikileta shida au upepo ukikataa, bado una siku nzima. Safari inayomalizika Jumapili usiku haina pa kuegemea.

Kuna mambo mawili ya saa ambayo yamewaangusha wageni wengi.

La kwanza ni jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Ukipanga kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, utatembea gizani. Kama umezoea mapambazuko ya Mombasa au Dar, sogeza mipango yako mbele.

La pili ni mgeni asiyehesabu saa kwa Kiswahili. Ukimwambia "saa sita", atakuja jioni au alfajiri. Mwandikie ujumbe wenye saa zote mbili, ya Kiswahili na ya kwenye simu yake, na mwambie akurudishie kwa maneno yake. Pia mkiwa karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa Burundi au Kongo, na saa ikarudi nyuma kwa saa nzima. Zima kujiseti kwenyewe kwa saa, au mmoja wenu avae saa ya mkononi.

Umefanikiwa kama: karatasi yako ina saa ya kurudi iliyothibitishwa na mtu anayeendesha chombo chenyewe. Aliyesikia kwa jirani yake hahesabiki.

## Hatua ya 2: Ruhusa

Mwambie mkuu wa shule au makamu wake kufikia Jumatano. Angalia ratiba ya zamu. Kama wiki hiyo upo zamu, au kuna masomo ya ziada Jumamosi, usibadilishane na mtu kimya kimya. Badilishaneni mbele ya mwalimu wa taaluma.

Acha namba ya simu ya mwenye boti kwa mwalimu mmoja anayebaki. Mtandao hukatika ukiwa ziwani, na mtu wa nchi kavu lazima ajue umtafute nani.

Kwa mgeni kutoka nje ya nchi: soma kibali chako kabla ya kufikiria kuvuka mpaka. Manyovu, kituo cha mpaka wa Burundi, iko karibu, na marafiki watasema twende Burundi tukanywe soda turudi. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka umeimaliza, na mazoezi yako yameishia hapo.

## Hatua ya 3: Kundi na mchango

Kundi zuri la Kigoma ni la watu wanne hadi sita. Boti ya kukodi hulipwa kwa safari, kwa hiyo mkiwa wawili mtalia. Na Gombe huruhusu watu wasiozidi sita kwa kundi moja kwenda kuwatazama sokwe, kwa hiyo mkiwa wanane mtagawanywa.

Chagueni mweka hazina mmoja. Kila mtu atoe mchango wake wote kufikia Alhamisi. Wa kulipa "tukifika" huwa wa kughairi Ijumaa usiku, na gharama yake inawaangukia waliobaki. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi kwenye kundi la WhatsApp, kwamba anayejitoa baada ya Alhamisi sehemu yake ya boti haimrudii.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Wageni wengi humchukua mwalimu mwenyeji kama mtembezaji wa bure. Anawatafutia boti, anajadiliana bei, anatafsiri siku nzima, halafu inapofika kulipa anaambiwa atoe sawa na wengine. Wengine wana familia, na mshahara una kazi zake. Kama umemwomba mwenyeji akuongoze, nauli na kiingilio chake viwe ndani ya mchango wenu. Kama amekuja kama rafiki tu, muulizeni mapema anaweza kiasi gani, faraghani, kabla ya kutangaza kiasi kwenye kundi. Urafiki mwingi wa mazoezi umeishia kwenye mahesabu ya chakula cha mchana.

Na salamu. Mtu mzima mpe shikamoo yake kwanza, hata kama una haraka ya kuuliza boti. Asubuhi ukimsalimu Muha, mwenyeji wa Kigoma, kwa lugha yake "Mwakeye!", utaona uso unavyofunguka. Kwa mwalimu mwenzako, "Mwalimu" au "Madamu" inatosha mpaka akwambie vinginevyo.

## Hatua ya 4: Anza na Ujiji, nusu siku

Usianze na Gombe. Wikiendi ya kwanza tumia kujuana kama kundi mahali ambapo mtu akichoka anapanda daladala anarudi. Mtajua nani huchelewa, nani hana subira, nani hulipa kwa wakati.

Panda daladala ya Ujiji, zinapita Mwanga kila mara. Mkenya asitafute matatu. Aulize daladala au hiace. Mwambie kondakta unashuka kwa Livingstone, atakujua.

Kwenye kumbukumbu kuna makumbusho madogo na miembe. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871. Ingia asubuhi, mlipe kiingilio, mwacheni mtunzaji asimulie. Muulizeni pia kuhusu njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka hapa kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Mwalimu wa Historia akitoka hapo ana mfano wa kufundishia ambao hakuna kitabu kitampa: amesimama pale njia ilipoanzia.

Kisha teremkeni kwa miguu hadi ziwani. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi na pale kwenye kumbukumbu, sasa ziwa limerudi nyuma na kuna mwendo. Huko chini mafundi wanaunda boti za mbao. Simama utazame. Fundi anasokota pamba, anaisukuma kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, anagonga, anasogea kiganja kimoja, anagonga tena. Boti nzima inapita chini ya nyundo hiyo. Ukishaona kazi ile utaelewa kwa nini boti nzuri haivuji, na utajua cha kuangalia kabla hujapanda ya Kibirizi.

Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, kwa hiyo vaeni nguo za heshima, na Ijumaa mchana acheni njia za misikiti ziwe wazi. Kwa chakula ulizeni mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga au wa mawese, kwa ugali wa muhogo.

Umefanikiwa kama: saa kumi mko nyumbani, mweka hazina amerudisha chenji, na hakuna aliyenuna.

## Hatua ya 5: Siku ya ufukweni

Wikiendi ya pili nendeni Jakobsen, upande wa Katonga, kusini magharibi mwa mji. Ni vighuba viwili vidogo vya mchanga chini ya miti, maji yake meupe unaona vidole vyako. Kuna kiingilio. Bodaboda au bajaji itawafikisha, lakini kubalianeni na dereva saa ya kuwafuata na mchukue namba yake, kwa sababu kule huwezi kusimama barabarani ukaita usafiri.

Chakula kifungwe. Tumbili wanatazama mfuko kama wewe unavyotazama mtihani.

Maonyo ya maji yana uzito. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na ukuta wake hushuka ghafla karibu na ufuo. Hatua tatu una maji ya kiunoni, ya nne huna chini. Asiyejua kuogelea abaki ambapo mkono wake unaweza kushika mtu aliyesimama. Mamba wapo ziwani, kwa hiyo waulizeni wenyeji wa siku ile ile kama pako salama, na msiingie majini jioni. Kichocho pia kipo kwenye ziwa. Epukeni sehemu zenye majani na maji yaliyotuama, jifuteni mara mtokapo, na baada ya mazoezi mgeni aombe kupimwa huko kwao.

Mkirudi piteni kijiji cha Katonga kuona dagaa wakianikwa. Siku za giza la mwezi wavuvi hutoka usiku na taa, na ukikaa mlimani unaona ziwa limejaa nuru kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi wengi hupumzika. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kuahidiana kuona taa.

## Hatua ya 6: Gombe

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo nakwenda taratibu.

Elewa boti za abiria kwanza. Boti za abiria huondoka Kibirizi, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kigoma, kuanzia mnamo saa sita mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Huchukua saa tatu hadi nne kufika Gombe, kwa sababu husimama kila kijiji, zikielekea Kagunga mpakani. Kurudi, hupita Kasekela alfajiri, hata saa moja asubuhi. Jumapili hakuna.

Sasa fanya hesabu. Ukienda Jumamosi, unafika jioni, unatembea na sokwe Jumapili, boti ya kurudi ni Jumatatu asubuhi. Umekosa shule. Kukiwa na sikukuu siku ya Ijumaa: unaenda Ijumaa mchana, Jumamosi asubuhi boti inapita kabla hujaingia msituni. Umeona ufuo tu. Boti ya abiria inakufaa ikiwa una Alhamisi na Ijumaa huru, kwa mfano likizo fupi: unaenda Alhamisi, unatembea Ijumaa, unarudi Jumamosi. Nje ya hapo, kodini boti.

Kukodi. Nendeni Kibirizi Jumatano au Alhamisi jioni, wawili, mkiwa na mwenyeji. Kuna boti za watu binafsi, na ofisi ya hifadhi mjini nayo inaweza kuwaelekeza kuhusu boti yao. Boti yenye injini nzuri hufika kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kabla ya bei, angalieni haya:

1. Boti imesajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria inaonekana. Kama mwenye boti anakwepa swali hili, ondokeni.
2. Jaketi okozi ziko ngapi? Zihesabuni kwa mikono. Vaeni moja, fungeni mikanda, mmoja aivute juu kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni haifai.
3. Sakafu ya boti. Maji kidogo ni kawaida. Kama kuna kijana ambaye kazi yake yote ni kuchota na kumwaga, boti hiyo inavuja.
4. Mafuta ya kwenda na kurudi yamo kwenye bei? Na je, akisubiri siku nzima kule, anadai zaidi? Haya yasiposemwa Kibirizi, yatasemwa Kasekela, na kule hamna boti nyingine ya kuchagua.

Toeni malipo ya awali, nusu au chini ya hapo, kwa simu ili kuwe na ushahidi. Kiasi kinachobaki mpeni mkisharudi Kibirizi.

Malipo ya hifadhi. Viwango ni vitatu: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi, na mgeni asiye mkaazi, na tofauti yake ni kubwa sana. Mkenya au Mrundi asiyebeba hati yake anaweza kutozwa kama mtalii kutoka mbali. Mgeni wa Ulaya mwenye kibali cha ukaazi aonyeshe kibali chenyewe. Pigeni hesabu ya kila mtu kivyake kabla ya kuamua kwenda, kwa sababu rafiki yenu asiye mkaazi atalipa mara nyingi zaidi ya wengine, na ana haki ya kujua hilo mapema na kusema hapana bila aibu. Ombeni namba ya malipo ofisini, lipeni Ijumaa, chapisheni risiti.

Afya. Mwenye mafua au kikohozi haendi. Sokwe hushika magonjwa yetu ya njia ya hewa, na mafua ya kawaida kwetu yanaweza kuwaua. Ulizaneni Alhamisi kwa ukweli. Anayeficha kikohozi ili asipoteze mchango wake anahatarisha wanyama ambao watu wamewafuatilia mmoja mmoja, kwa majina, tangu Jane Goodall alipofika pale Julai 1960. Mwenyeji akitaka kuja na mtoto, mjulisheni kwamba wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe.

Asubuhi ya safari. Angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Tanganyika usiku uliotangulia. Kibirizi muwe saa moja asubuhi. Maji mara nyingi hutulia asubuhi, upepo huamka mchana. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Msimbembeleze, wala msimtafute mwingine atakayesema ndiyo.

Vaeni jaketi kabla boti haijasukumwa, na zibaki mwilini hadi mshuke. Kaeni chini, katikati. Atakayesimama kupiga picha aambiwe na kila mtu akae.

Msituni. Kasekela mtapewa mwongozaji, na bila yeye hamtembei. Baada ya hapo ni kupanda. Wafuatiliaji hutangulia, mwongozaji anawasiliana nao, na mnaweza kutembea nusu saa au saa nne. Mkiwapata, mna saa moja, umbali wa mita 10, hakuna kula, hakuna mwanga wa kamera. Sokwe akiwajia, mnarudi nyuma taratibu, hamkimbii.

Nikwambie utakachokiona, ili usitumie saa nzima kwenye skrini. Utasikia kwanza majani yakidondoka. Halafu mama mmoja ameketi, mtoto mgongoni, anachagua kitu kwenye manyoya ya mwenzake kwa ncha za vidole viwili, mdomo umejitokeza mbele kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Hawatakutazama. Zimeni simu dakika kumi za mwisho mkae tu.

Kama sokwe wamekwenda mbali, ombeni kupelekwa kwenye maporomoko ya Kakombe, ni karibu na hayachoshi. Ufukweni, nyani watawapora chakula mkila nje, kwa hiyo kuleni ndani.

Saa tisa, nahodha akiita, mmesimama. Mwenye kusema "dakika tano" anakula muda wa mwanga wa jioni ziwani.

Umefanikiwa kama: mmegusa mchanga wa Kibirizi kabla jua halijazama, na Jumapili yote iko mkononi.

## Hatua ya 7: Yasiyoingia kwenye wikiendi

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni pazuri kuliko maneno yangu, lakini iko mbali kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Ihifadhini kwa likizo. Meli ya Liemba msiipangie safari ya siku mbili, kwani njia yake ya kwenda Zambia ilikuwa ikihesabiwa kwa siku. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu si mahali pa kutembelea. Kuingia kunahitaji kibali, na watu wanaoishi pale hawakujiweka kwenye maonyesho.

Uvinza, kwenye chumvi na Mto Malagarasi, inawezekana kwa siku moja kwa barabara kama mna usafiri wenu. Andikieni mwenye kiwanda cha chumvi mapema.

## Hatua ya 8: Jumapili

Asubuhi mweka hazina atume hesabu kwenye kundi: kilichoingia, kilichotoka, risiti kwa picha. Deni lolote lilipwe leo. Likilala hadi Jumatatu linageuka maneno ya ofisini.

Mwalimu mliyemwachia namba ya mwenye boti mtumieni ujumbe kwamba mmerudi. Alikuwa anawaza.

Kisha fungua daftari. Kile kina cha mita 1,470 kiingize kwenye somo la Jiografia, gharama ya boti kugawanywa kwa watu sita iwe swali la Hisabati, misafara ya Ujiji iwe ufunguzi wa somo la Historia. Mwanafunzi wa Kigoma akisikia mwalimu aliyetoka mbali anataja Kibirizi na Katonga kwa usahihi, hukaa wima.

Andaa nguo, jaza namba za somo kwenye andalio, weka simu kwenye chaji. Kengele ya kwanza italia jua likiwa bado halijatoka vizuri.